Chuo cha Ulaya kinataka jumuiya yetu iingie kwenye mradi wao, tumebakiwa na siku tisa, tufanyeje?

katibu_mwani (Micheweni), Jumatatu saa 3 usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie ni katibu wa jumuiya ya akinamama wa mwani huku Micheweni, Pemba, tuko 43, cheti cha usajili tunacho, akaunti ya benki tunayo japo mara nyingi haina kitu. Ijumaa nimefungua imeili ya jumuiya, huwa naifungua mara moja kwa wiki nikipata bando, nikakuta barua ya profesa mmoja wa chuo cha Ulaya. Huyu alikuja huku miaka mitatu nyuma na wanafunzi wake, wakapima joto la maji, wakatuhoji kutwa nzima kwenye baraza, wakaenda zao na hatukusikia tena. Sasa anasema wanaomba fedha za utafiti Umoja wa Ulaya, programu inaitwa Horizon Europe, mradi ni wa kilimo cha baharini na mabadiliko ya tabianchi, na anataka jumuiya yetu iwe mshirika. Katutaka vitu vitatu: namba inaitwa PIC, barua yenye saini na muhuri, na bajeti yetu kwa euro. Dedilaini ni Jumatano ya wiki ijayo saa 11 jioni kwa saa za Brussels.

Nimefurahi na nimeogopa kwa pamoja. Nimefurahi kwa sababu kotonii yetu, ule mwani wa bei nzuri, inakufa, kila kaskazi ikishika maji yanachemka, mwani unageuka mweupe unakatika, unakwenda asubuhi unakuta taitai tupu, vile vikamba vya kufungia mwani, kwenye kamba. Spinosamu, mwani wa aina nyengine, inavumilia lakini bei yake haiwezi kusomesha mtoto. Kwahiyo mtu akisema atatusaidia kujaribu kupanda kotonii kwenye maji makubwa, yenye kina, mie namsikiliza kwa masikio yote. Lakini nimeogopa kwa sababu sijui hizi karatasi. Kuna kijana Chake kasema atatutafutia hiyo PIC kwa laki tatu na nusu, ati ndo ada ya Ulaya. Ni kweli inalipiwa? Tukitia muhuri kwenye barua tunafungwa na kitu gani? Na bajeti nnaiandikaje, mie sijawahi kuandika bajeti iliyozidi milioni sita. Mwenye kujua anisaidie, wenzangu wananitizama mie.

kijana_wa_Wete, Jumatatu saa 4 usiku

Bi katibu usimpe mtu hata shilingi. PIC ni bure, ni namba ya tarakimu tisa tu ya kuitambulisha taasisi yako. Unafungua akaunti ya EU Login kwa imeili, ukishaingia kwenye potali yao ya Funding and Tenders unasajili jumuiya, jina kama lilivyo kwenye cheti, anuani, namba ya usajili, tarehe ya kusajiliwa, ukimaliza namba inatoka papo hapo. Sie tulifanya ndani ya saa moja na nusu, na nusu saa ilikuwa umeme umekatika. Hawaombi ada kujisajili, hawaombi ada kuomba, hawaombi ada ya kutolewa fedha. Mtu anayetaja ada anataka laki tatu na nusu zako basi.

Ila andika kwa imeili ya jumuiya, usiandike kwa imeili ya kijana aliyekusaidia. Kuna jumuiya nnaijua namba iko kwenye imeili ya mtu aliyehamia Oman na mpaka leo hawawezi kubadilisha hata namba ya simu.

mzanzibari_ughaibuni, Jumatatu saa 6 usiku

Waalaykumsalaam Bi katibu. Mie ni mtoto wa Wete, nafanya kazi Uholanzi kwenye ofisi ya chuo inayosaidia maprofesa kuandika haya maandiko ya kuomba fedha, kazi yangu ya kila siku ndo hii, kwahiyo niruhusu nirefushe.

Kwanza, Tanzania tunaruhusiwa. Horizon Europe ni ya 2021 mpaka 2027, na nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu zinapata fedha moja kwa moja, si kwa huruma ya mtu, imo kwenye kanuni zao. Mradi wa kawaida wa ushirikiano unatakiwa uwe na taasisi tatu angalau kutoka nchi tatu tofauti, ambazo ni za Umoja wa Ulaya au zilizofungamana na programu, na moja lazima iwe ya nchi mwanachama. Hao wakishatimia ndo na sie tunaongezwa. Maana yake hamuwezi kuomba peke yenu lakini mkiwemo mnakuwemo kikamilifu.

Sasa hapa nataka usome kwa utulivu, kwa sababu ndo penye roho ya jambo. Kwenye fomu kuna vyeo. Kuna taasisi inayoandikwa kwa Kiingereza beneficiary, huyo ana fungu lake la fedha, anatia saini mkataba na Umoja wa Ulaya, ana sauti. Na kuna anayeandikwa associated partner, huyo anafanya kazi kwenye mradi lakini hapewi hata senti moja kutoka Umoja wa Ulaya. Anajitegemea. Vyote viwili vinahitaji PIC, kwahiyo kuombwa PIC hakukwambii wewe ni nani. Na kuna daraja la chini kabisa, anayetoa barua ya kuunga mkono tu, huyo hana hata fungu la kazi. Profesa wako kakuomba bajeti, hiyo ni dalili njema, lakini kakuomba na barua yenye muhuri, na mwenye fungu lake kwa kawaida haandiki barua ya kuunga mkono, kwani anaunga mkono mradi wake mwenyewe? Mwandikie leo hii umuulize swali moja tu: sie tumo kama nani, na fungu letu ni euro ngapi. Akuletee na lile jedwali la bajeti la washirika wote, lipo, kila andiko linalo, si siri baina ya washirika.

Jengine, ingia kwenye tovuti inaitwa CORDIS, ni ya Umoja wa Ulaya na ni ya wazi kwa kila mtu. Andika jina la chuo chake. Utaona miradi yao iliyopita, washirika wote kwa majina, na kila mmoja alipewa euro ngapi. Tizama washirika wa Afrika walipata nini kwenye miradi yake. Hilo litakwambia zaidi ya barua kumi.

Kuhusu saa, saa 11 jioni ya Brussels kwa majira yao ya joto ni saa 12 jioni kwetu, wakisharudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba inakuwa saa 1 usiku. Anayetuma ni mratibu, yaani anayeongoza mradi, si nyie, lakini mfumo ukifunga umefunga, hata dakika moja hawakusubiri.

mama_wa_Bweleo, Jumanne saa 2 asubuhi

Mwanangu katibu, sikiliza ya mie mkubwa wako. Sie Unguja huku tuliletewa karatasi kama hiyo hiyo, tukatia muhuri siku ile ile kwa furaha, tukapika na pilau. Mradi ukapatikana. Walikuja mara nne, wakatulipa nauli na posho ya kikao, elfu kumi kumi, wakachukua mwani wetu kwenye chupa, wakapiga picha mikono yetu ilivyochubuka. Mwisho wa mradi ikaja ripoti nzuri imechapwa kwa rangi na jina la kikundi chetu limo ukurasa wa kwanza. Nikamuuliza yule kijana mtafsiri, je kwenye hizi fedha sisi tulikuwa na ngapi? Akanambia mama, nyinyi hamkuwa na fungu, nyinyi mlikuwa ni wadau.

Neno wadau lilinikaa moyoni mpaka leo. Sisemi walituibia, hawakutudanganya, hatukuuliza. Basi weye uliza. Na uulize mbele ya wenzio, kwenye kikao, muhtasari uandikwe, ili kesho asije mtu akasema katibu kala.

katibu_mwani, Jumanne saa 8 mchana

Ahsanteni sana nyote, mama wa Bweleo maneno yako nimewasomea wenzangu leo asubuhi tulivyotoka pwani, wengine wakanyamaza kimya.

PIC tumepata! Kijana wa skuli alikuja na laptopu yake tukafanya kama alivyoelekeza kijana wa Wete. Kule CORDIS nimetizama, chuo chake kina miradi mingi, na washirika wa Afrika wengine wamepata fungu la maana, wengine limeandikwa sifuri. Alafu nikafungua tena ile imeili, kulikuwa na faili la pili sikuliona, jedwali. Tumo mstari wa mwisho. Associated partner. Euro 0. Na kazi tulopangiwa ni kutunza mashamba manne ya majaribio kwa miaka minne, kuingia majini kila bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kutoka sana, na kuandika joto la maji na uzito wa mwani.

Sasa kwanini kaniomba bajeti kama jedwali lina sifuri? Nimwandikie vipi bila ya kumkasirisha? Tukikataa atatafuta kijiji chengine.

mzanzibari_ughaibuni, Jumanne saa 10 jioni

Hatokasirika, na akikasirika ushamjua mapema. Mara nyingi jedwali la mwanzo wanawaweka wote wasiowajua vizuri kwenye sifuri alafu wanabadilisha bajeti ikija, kwahiyo usianze kwa kumdhania vibaya. Mwandikie hivi kwa ufupi: tunashukuru, tumeona kazi tuliyopangiwa, kazi hii ina siku kadhaa za watu kwa kila bamvua kwa miaka minne, jumuiya yetu haina uwezo wa kuifanya bila fungu, tunaomba tuingie kama beneficiary, bajeti yetu hii hapa. Kisha umtajie kile ambacho hana mwengine. Wanaolisahihisha andiko wanalipima kwa mambo matatu, ubora wa utafiti wenyewe, faida itakayopatikana, na namna litakavyotekelezwa, kila kimoja alama tano, ukipungukiwa na tatu kwenye kimoja umeanguka, na jumla isipofika kumi pia umeanguka. Hapo kwenye faida na utekelezaji, mradi wa mwani wa joto la bahari usio na wakulima wenye fungu lao ni dhaifu, yeye anajua. Nyie mnaijua bahari ya Micheweni mwezi kwa mwezi. Hiyo ndo nguvu yenu, iseme waziwazi.

hesabu_Chake, Jumanne saa 2 usiku

Mie mhasibu, nimeshika vitabu vya miradi miwili ya aina hii kwa taasisi moja ya huku kwetu, naomba nichangie kwenye bajeti kwa sababu hapo ndo watu wanapoumia baadae.

Bi katibu anza na siku, usianze na fedha. Hesabu bamvua ngapi kwa mwaka, mara siku ngapi kila bamvua, mara watu wangapi. Hiyo ndo gharama ya watu. Lakini tahadhari, mwanachama wa jumuiya si mfanyakazi kwa macho yao. Ili siku zake zihesabiwe anatakiwa awe na ajira au awe na mkataba wa moja kwa moja na jumuiya, hata wa nusu ukurasa. Kwahiyo chagueni akinamama sita au wanane wa kusimamia mashamba, wapeni mikataba kabla ya kazi kuanza, na kila mwezi watie saini karatasi ya siku walizofanya. Hizo taimshiti ndo zilizotutoa jasho sie, tuliziandika mwisho wa mwaka kwa kukumbuka, odita akakuta tumemuandikia mtu kazi siku ya Idd.

Kisha kamba, vigingi, taitai, ngalawa ya kukodi ya kwenda maji makubwa, kipima joto, boti ya kwenda Unguja kwa vikao, simu. Ukishajumlisha gharama za moja kwa moja unaongeza asilimia 25 juu yake ya uendeshaji, na hii haina risiti, ni haki yenu. Mfano gharama zenu zikiwa euro 40,000 mnaandika 50,000. Humo ndo mtalipa ofisi, umeme, na mie mhasibu 😊 Ila kazi mtakayompa mkandarasi wa nje haiingii kwenye hesabu ya hiyo 25.

Fedha zinakuja kwa mratibu, yeye anagawa, na mkataba unamtaka agawe bila kuchelewesha bila sababu. Hazitokuja zote. Kuna asilimia 5 inazuiliwa kwenye mfuko wao wa bima mpaka mwisho, na mpaka ripoti ya mwisho ipite hamtokuwa mmepata zaidi ya asilimia 90. Pangeni mapema nani atabeba hiyo kumi. Shilingi yetu mnaibadilisha kwa viwango vya kila mwezi vya InforEuro, yaani vya Umoja wa Ulaya wenyewe, si kwa kiwango cha benki yako. Na makaratasi myatunze miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, kwenye kasha lisiloingia mchwa, mie nasema kwa uchungu.

mzanzibari_ughaibuni, Jumanne saa 3 usiku

Maalim hesabu yote sawa, ila naongeza moja. Siku hizi miradi mingi ya Horizon ni ya lampsamu, yaani kiasi kinakubaliwa tokea mwanzo kwa kila fungu la kazi (hapa fungu ni sehemu ya kazi ya mradi, si fedha), na unalipwa fungu likikamilika. Huko Umoja wa Ulaya hawakuulizi taimshiti wala risiti. Wengi wanafurahi lakini ina upande wake: fungu lisipokamilika halilipwi mpaka likamilike, hata kama kosa ni la mwenzenu wa nchi nyengine mlio naye fungu moja. Kwahiyo Bi katibu muulize profesa, hii ni lampsamu au ni gharama halisi? Ikiwa lampsamu basi omba kazi yenu ya mashamba ikae fungu lake peke yake na ikatwe vipande vifupi, isiwe fungu moja la miaka minne mkasubiri fedha mpaka mwisho.

hesabu_Chake, Jumanne saa 4 usiku

Hilo la lampsamu umenifunza, miradi yangu ilikuwa ya zamani. Lakini Bi katibu taimshiti ziandike hivo hivo, kwa ajili ya wanachama wako, si kwa ajili ya Brussels.

mama_wa_Bweleo, Jumatano saa 1 asubuhi

Na muulizeni mwani mtakaowapa unakwenda wapi, na kibali cha utafiti cha serikali yetu nani atakikata. Zanzibar ina utaratibu wake, wasije wakasema tulishapata Dar. Na ratiba yao waipange kwa bamvua na maji mafu, yale yasiyotoka sana, si kwa Jumatatu mpaka Ijumaa. Sie walitupangia warsha siku ya bamvua kubwa, tukapoteza mavuno ili tukasikilize umuhimu wa mavuno.

katibu_mwani, Jumapili saa 2 usiku

Assalaam alaykum tena, narudi na majibu kwa sababu mmenibeba.

Nilimwandikia Jumanne usiku ule ule, hesabu alinisomea bajeti kwa simu mpaka saa 5 Allah amlipe. Siku mbili kimya, nilidhani basi. Ijumaa akajibu. Kasema anaomba radhi, kweli jedwali lilikuwa la mwanzo, lakini pia alisema kwa uwazi kuwa kwenye miradi yake mengine jumuiya ndogo huwa anaziweka hivo kwa sababu anaogopa makaratasi yatazishinda. Nikamjibu makaratasi tunaye mhasibu. Tukazungumza kwa video, wenzangu watano wamekaa nyuma yangu. Tumeingia kama beneficiary. Tuliomba euro 62,000 kwa miaka minne, kasema bajeti nzima imeshafungwa, akatupa 48,000 na kapunguza mashamba kutoka manne yawe matatu. Nikataka kukataa, Bi mkubwa mmoja akanigusa bega akasema mashamba matatu tunayaweza bila kuvunjika migongo, kubali. Tumekubali. Ni ya lampsamu, na fungu letu limekaa peke yake, limekatwa kwa mwaka mwaka.

Warsha zitakuwa maji mafu, hilo kaliandika. La kibali atalishughulikia yeye kwa kushirikiana na watu wa huku. La mwani kwenda nje bado hajajibu vizuri, kasema litaandikwa kwenye makubaliano ya washirika mradi ukipita. Kwahiyo nitarudi hapa kutafuta mtu wa kunisomea hayo makubaliano.

mzanzibari_ughaibuni, Jumapili saa 4 usiku

Hongereni mno, 48,000 na fungu la peke yenu si kidogo. Makubaliano ya washirika nitumie mie, usitie saini kabla hatujayapitia, hapo ndo panapoandikwa nani mwenye mali ya matokeo na nani anaweza kuyatumia. Ila mujue wengi wanaomba na wengi wanakosa, msiahidiane kitu kijijini. Majibu yanaweza kuchukua mpaka miezi mitano baada ya dedilaini, na mkipita ni kama miezi mitatu mengine mpaka mkataba usainiwe. Hapo ndo watawaomba nakala ya cheti na katiba ya jumuiya ili waihakiki ile PIC, ziwekeni tayari zimetafsiriwa.

katibu_mwani, Jumatano saa 1 asubuhi

Mratibu kaniandikia kuwa andiko kashalituma tokea jana usiku, kanitumia na nakala, jina letu limo na mbele yake pana 48,000. Nimeichapisha nimeibandika ofisini. Katiba yetu iko kwa Kiswahili tu, kama kuna mtu Wete au Chake anayetafsiri vizuri na hatotutoza sana aniandikie hapa, nitasoma mchana nikirudi. Sasa hivi maji yanatoka na bamvua limeanza.